Ukoko wa Silinda: Kutoka Gari la Graetz hadi Bodaboda za Kemambo

Kata ya Kemambo wilayani Tarime inafahamika kwa dhahabu. Vijiji vyake, Kewanja na Kerende vikiwemo, vimekaa ubavuni mwa mgodi wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002, na eneo lote hilo watu wamezoea kuliita Nyamongo. Barabara ya kutoka Tarime hupita hapo ikiteremka kuelekea Mto Mara, na ng'ambo ya mto ni wilaya ya Serengeti. Waandishi wanaofika huku huja kuandika habari za fidia, maji na wachimbaji wadogo, na wana haki. Mimi nataka kusimulia jambo ambalo sijaliona likipewa nafasi gazetini: ukoko mweusi unaojijenga ndani ya silinda ya injini ya petroli, na jinsi watu walivyohangaika kuukwangua kwa zaidi ya karne moja, tangu gari la Mjerumani mmoja lilipotoka Dar es Salaam kuelekea bara hadi bodaboda zinazopanda mlima wa Nyamwaga leo.

Kwanza injini yenyewe. Pikipiki ya abiria ikifikishwa kwa fundi wa kando ya barabara, maelezo ya dereva huwa mafupi: "Mura, haivuti mlima, na inagonga." Fundi anayejua kazi hakimbilii spana kubwa. Hutoa plagi kwanza na kuigeuza kwenye mwanga. Ncha yenye rangi ya kahawia iliyopauka ni dalili ya afya. Nyeusi na kavu ina maana mafuta ni mengi mno kwa hewa inayoingia. Ikiwa nyeusi na inang'aa kwa oili, ringi zimechoka au sili za valvu zimekufa. Hapo ndipo tangi hutolewa, kabureta ikafunguliwa, ekzosi ikalegezwa na nati nne za hedi, yaani kichwa cha silinda, zikazungushwa moja baada ya nyingine kwa mkato, ili hedi isijipinde.

Hedi ikinyanyuka, kinachoonekana juu ya pistoni si masizi laini ya kufuta kwa kitambaa. Ni ukoko mgumu, mnene zaidi upande wa valvu ya kutolea moshi na mwembamba upande wa kuingizia, ambako mafuta mapya huuosha kila mara. Fundi huzungusha krenki mpaka pistoni ifike juu kabisa, hupaka grisi kwenye mzingo wake ili vipande visidondokee kwenye ringi, kisha hukwangua kwa kijiti cha mti mgumu au kipande cha bati la aluminiamu. Bisibisi ya chuma hukwangua haraka zaidi na huacha mikwaruzo ambayo kesho itakuwa makao ya ukoko mpya. Mafundi wa zamani walikuwa na ujanja wa ziada kwa injini iliyozeeka: waliacha utepe mwembamba wa kaboni kuzunguka ukingo wa pistoni, kwa kuwa ulisaidia kuzuia oili isipande. Valvu nazo husagwa kwa dawa yake, na mwisho fundi humimina petroli kidogo kwenye njia ya hewa na kutazama. Isipovuja hata tone, valvu imekaa.

Kwa nini kitu chembamba hivyo kisumbue? Chukua injini ya sisi 125 yenye mgandamizo wa takriban 9 kwa 1. Nafasi inayobaki juu ya pistoni inapofika kileleni ni kama mililita 15, kijiko kimoja cha mezani. Ukoko ukila mililita moja na nusu tu, mgandamizo unakaribia 10 kwa 1, na petroli iliyokuwa ikiungua kwa utulivu inaanza kulipuka kabla ya wakati wake. Vilevile kaboni haipitishi joto vizuri, kwa hiyo vijisehemu vyake hubaki vikiwaka na kuwasha mchanganyiko kabla plagi haijatoa cheche. Ile sauti ya kugonga dereva anayoilalamikia mlimani inatoka hapo.

Sauti hiyo ina umri sawa na magari. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililotengenezwa Gaggenau, Ujerumani, akiazimia kulivusha bara la Afrika. Alifika Swakopmund, pwani ya Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Safari ilichukua zaidi ya miezi 20, na sehemu kubwa ya muda huo gari lilikuwa limesimama, likikarabatiwa, likivutwa au likisubiri. Kituo cha mafuta hakikuwepo hata kimoja njiani. Petroli ilibebwa.

Magari mengi ya zama zile yalikuwa na kasoro ambayo fundi wa Nyamongo asingeivumilia: silinda na kichwa chake vilisubuliwa pamoja kama kipande kimoja. Kukwangua kaboni kulimaanisha kung'oa silinda nzima kutoka kwenye kitako cha injini, au kuingiza vyuma vilivyopinda kupitia tundu za valvu na kukwangua kwa kubahatisha. Haishangazi kwamba watu walitafuta njia za mkato. Wengine walimimina mafuta ya taa ndani ya silinda zikiwa bado moto, wakayaacha yalale humo usiku kucha, asubuhi wakawasha injini na kutoa wingu la moshi. Wengine walinyunyizia maji kidogo kidogo kupitia kabureta, mvuke ukapasua ukoko. Wapo waliopuliza oksijeni ndani ya silinda na kuiwasha, kaboni ikaungua yenyewe kwa cheche huku fundi akiomba pistoni isiyeyuke. Njia hizo zote zilifanya kazi kiasi, na zote ziliharibu injini za watu.

Aliyepunguza adha hiyo zaidi ya mvumbuzi yeyote wa dawa ni Henry Ford. Gari lake la Model T, lililotoka mwaka 1908, lilikuwa na kichwa cha silinda kinachofunguliwa kwa boliti. Mkulima mwenye spana aliweza kukiondoa, kukwangua na kukirudisha. Mgandamizo wa injini hiyo ulikuwa mdogo sana, takriban 4 kwa 1, kwa hiyo ilikunywa petroli mbovu bila kulalamika. Naiona Model T kuwa babu wa pikipiki za Kemambo kwa hoja hii moja: ilibuniwa kwa mtu atakayeitengeneza mwenyewe, mbali na kiwanda.

Wakati huo kila injini iliyogonga ilihukumiwa kwa kosa moja. Waendesha magari waliita kugonga huko kugonga kwa kaboni, na dawa yake ikawa kukwangua. Kukwangua kulisaidia, lakini baada ya maili elfu moja au mbili kelele ilirudi. Huko Marekani, mhandisi Charles Kettering alishutumiwa kwamba mtambo wake wa kuwashia gari kwa umeme, uliowekwa kwenye Cadillac za mwaka 1912, ndio uliozidisha kugonga. Mwaka 1916 alimpa msaidizi wake kijana, Thomas Midgley, kazi ya kutafuta ukweli, na huko Uingereza mhandisi Harry Ricardo alikuwa akichunguza jambo hilohilo kwa njia yake. Wote walifikia jibu linalofanana: mkosaji mkuu ni mafuta. Petroli mbaya hugonga hata katika silinda safi, na ukoko huongeza tu ubaya uliokwishakuwepo.

Tiba waliyoichagua Wamarekani ni mojawapo ya aibu kubwa za uhandisi. Desemba 1921 Midgley aligundua kwamba risasi, ikichanganywa na petroli katika umbo la kemikali, inanyamazisha kugonga. Februari 1923 petroli hiyo ilianza kuuzwa Dayton, Ohio. Mwaka uliofuata wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa baada ya kurukwa na akili kwa sumu ya risasi, na bado biashara iliendelea. Risasi yenyewe iliacha ukoko wake wa kijivu kwenye plagi na valvu, hata ikabidi kemikali nyingine iongezwe ili kuubeba utoke nje kwa ekzosi. Kwa maneno mengine, uchafu uliotolewa kwenye silinda uliingizwa kwenye mapafu ya watu. Afrika Mashariki ilichoma petroli hiyo kwa miongo mingi.

Mkoani Mara injini zilifika kwa njia ya dhahabu pia. Wakati wa ukoloni Buhemba na Kiabakari zilikuwa na migodi, na mgodi hauendi bila malori na mafundi. Elimu ya kutunza injini haikupatikana darasani. Ilipita kwa spana boi, kijana anayeshika taa, anayeosha nati kwa mafuta ya taa, anayekwangua pistoni kwa miaka kabla hajaruhusiwa kuifunga. Magari yaliyotukuzwa yalikuwa yale yasiyokufa. Mashindano ya Safari Rally yalipoanza Mei 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, mafundi waliyatazama kama mtihani wa hadhara wa vumbi na matope. Mwaka 1954 Vic Preston alishinda kwa Volkswagen ndogo, na mwaka 1965 Joginder Singh akashinda kwa Volvo iliyokwishatumika.

Baada ya uhuru ikaja pikipiki ya mabwana shamba, waganga na makatekista: ya mipigo miwili, kama Suzuki A100 na Yamaha za aina hiyo. Injini hizi hazina valvu kwenye hedi wala oili ya chini. Oili huchanganywa na petroli na kuchomwa pamoja nayo. Moshi wake wa bluu unaijua njia ya kila kijiji cha Tanzania. Kwa injini ya namna hii kaboni si ugonjwa wa uzeeni, ni mshahara wa kila mwezi. Huziba tundu la kutolea moshi, hushuka kwenye silensa, na pikipiki iliyokuwa ikikimbia kilomita 80 kwa saa haipiti 50. Dawa ya silensa ilikuwa moto wa mkaa. Ilifunguliwa, ikalazwa kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, ikagongwagongwa na unga mweusi ukamwagika. Injini za boti za mipigo miwili katika Ziwa Victoria, upande wa Musoma, zina tabia hiyohiyo, na mvuvi anayezidisha oili kwenye mchanganyiko akidhani anaipenda injini yake huishia kupiga kasia.

Kisha ikaja miaka migumu. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa Dodoma hiyo ilikuwa habari ya redioni. Kwa Tarime, ambako mpaka wa Sirari uko mlangoni, ilikuwa ni ringi, gasketi na plagi kukatika, labda zipite kwa magendo. Vita vya Kagera vilifuata mwaka 1978, bei ya mafuta duniani ikapaa, na fedha za kigeni zikakauka. Nchi ilikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta, TIPER, pale Kigamboni tangu mwaka 1966, lakini mafuta ghafi yalinunuliwa kwa dola ileile iliyokuwa haba. Magari binafsi yalipigwa marufuku barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na mwenye shehena ya spea stoo alikuwa na la kujieleza.

Naamini kipindi hicho ndicho kilichowapa mafundi wetu tabia yao, nzuri na mbaya. Spea isipopatikana, kaboni hukwanguliwa mara nne kwenye pistoni ileile. Gasketi ya shaba huchomwa motoni ilainike na kurudishwa. Nyingine hukatwa kutoka boksi gumu. Ringi iliyonata hulowekwa mafuta ya taa hadi iachie. Fundi aliyelelewa hivyo haogopi injini yoyote, ila pia hashtuki kutumia tena kitu kilichopaswa kutupwa, na mpaka leo utaona gasketi ya hedi ikirudishwa mara ya tatu wakati mpya iko duka la jirani.

Pikipiki zilizoijaza Nyamongo katika karne hii zina asili moja, hata kama matangi yake yana majina tofauti. Katikati ya miaka ya 1970 Honda ilituma wahandisi wake kutazama jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi zinazoendelea. Waliona mizigo kupita kiasi, vumbi, na oili inayobadilishwa pale tu injini inapolalamika. Matokeo yake ni CG125 ya mwaka 1976, ambayo valvu zake husukumwa kwa vijiti badala ya mnyororo wa juu unaoteseka kwa oili chafu. Viwanda vya China vilinakili injini hiyo kwa wingi usiohesabika, na nakala hizo ndizo zilizofika Tanzania kama SanLG na wenzake, kabla Boxer na TVS za India hazijagawana soko nazo. Mwaka 2010 kanuni za usafirishaji ziliitambua rasmi pikipiki kuwa chombo cha abiria. Kanuni zinasema abiria mmoja. Mshikaki wa watu watatu na kiroba juu ya tangi unaendelea.

Kemambo ni mahali pabaya kwa injini ya kabureta, na sababu zake hazina uhusiano na uzembe. Iko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, na barabara inapanda zaidi kuelekea Tarime mjini. Katika mwinuko wa mita 1,300 hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani, lakini jeti ya kabureta haijui hilo. Inaendelea kumwaga petroli iliyopimwa kiwandani. Mchanganyiko unakuwa mzito na plagi inaanza kuvaa nyeusi. Ongeza vumbi la changarawe na la malori ya mgodi, linaloziba ea klina. Injini inakosa hewa zaidi, na vumbi linalopenya linasaga ringi na kuchanganyika na kaboni, hivyo ukoko wa huku una mchanga ndani yake. Ongeza pia safari fupi fupi, simama na ondoka, ambazo haziipi pistoni joto la kutosha kuunguza masizi yake. Pampu za maji za petroli kwenye maduara ya wachimbaji wadogo zina shida ya aina nyingine: zinakesha zikinguruma kwa mwendo mmoja, na anayezishusha chini shimoni anacheza na hewa ya sumu inayoua kabla hajasikia harufu.

Hata hivyo pigo kubwa lilitoka kwenye pampu za mafuta. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kwa kuwa ni mwanga wa maskini, petroli na dizeli zikatozwa kubwa, na tofauti hiyo ikazaa uchakachuaji. Petroli huwa imekwisha kugeuka mvuke joto likifika nyuzi 200 hivi. Sehemu ya mafuta ya taa husubiri mpaka karibu nyuzi 300. Ndani ya silinda ya injini inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika hakuna muda wa kuyasubiri, hivyo huungua nusunusu, huosha oili kwenye kuta na kuacha ukoko. Mbaya zaidi, mafuta ya taa hugonga kwa urahisi mno. Dereva alisikia injini inagonga, akamlaumu fundi; fundi akailaumu spea ya China. Kosa la miaka ya Kettering lilirudiwa neno kwa neno, huku mkosaji akiwa kwenye tangi.

Septemba 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi, ili sampuli ya kituo chochote ipimwe na kujulikana kama imechanganywa. Vituo vilivyokamatwa vilipigwa faini na kufungiwa. Bajeti ya mwaka 2011/12 ikapiga pigo la pili: ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Faida ya kuchanganya ikayeyuka karibu kwa usiku mmoja. Ilikuwa hatua iliyofanikiwa, na siisifu kwa moyo mweupe. Waliochakachua walikuwa watu wenye malori na visima vya mafuta. Aliyelipa ni mama wa kijijini mwenye koroboi, aliyepandishiwa bei ya kumwangazia mtoto daftari ili injini za wengine zipone.

Risasi nayo ilikuwa imeondoka muda mfupi kabla. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwezi Juni 2001 kuiondoa, na mwanzoni mwa 2006 petroli ya risasi ilikuwa imekoma katika ukanda huo. Agosti 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitangaza, kutoka makao yake Nairobi, kwamba hakuna nchi tena duniani inayoiuza kwa magari ya barabarani. Algeria ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Uchafu umebadilika umbo, haukuisha. Nyamongo mafuta mengi bado huuzwa kwenye chupa na vidumu kando ya njia, kinyume cha sheria, na hakuna kinasaba kinachomlinda mnunuzi wa chupa. Madukani zimejaa chupa ndogo za dawa za kusafishia injini. Baadhi zina kemikali za kweli, za jamii ile ambayo Marekani iliamuru tangu 1995 kila petroli iwe nayo kidogo ili isafishe njia yake. Nyingine ni mafuta ya taa yenye rangi nzuri, jambo ambalo lingewachekesha madereva wa 1910. Dawa bora huzuia ukoko mpya na kulainisha mwembamba; ukoko uliokwisha kuwa mgumu pamoja na mchanga hauondolewi na chupa. Wenye magari ya Kijapani ya mtumba yenye injini za sindano ya moja kwa moja, zile za GDI na D-4 zilizoanza mwaka 1996, wana mtihani wao. Petroli haipiti tena juu ya valvu za kuingizia hewa, hivyo hakuna kinachoziosha, na kaboni hujaa mahali ambapo hakuna dawa ya tangini itakayofika. Kwa hizo, kazi inarudi kuwa ya mkono.

Ukifika Nyamongo na pikipiki inayogonga, mwambie fundi akuonyeshe plagi kabla hajagusa nati za hedi. Ikiwa nyeusi na kavu, badilisha ea klina, rekebisha kabureta, acha mafuta ya chupa na ujaze kituoni kwa risiti, kisha rudi baada ya wiki mbili. Ikiwa bado inagonga, fungueni hedi, na gasketi mpya uwe umeinunua mwenyewe.